Mjumbe Aliyekalia Mikono

Mjumbe wetu akifika mkutanoni alikuwa anatafuta tofali, anakaa, halafu anaisukuma mikono yake yote miwili chini ya mapaja kama kuku anayefunika mayai. Hapo ndipo ulijua mkutano umeanza. Mgeni angedhani mzee anasikia baridi, maana huku kwetu Kitangari upepo wa Juni unaingia mpaka kwenye meno. Haikuwa baridi. Alikuwa anailinda mikono yake isihesabiwe.

Chanzo kilikuwa nzi. Halmashauri ya kijiji ilikuwa inakaa barazani pa ofisi, na sisi wengine tunakaa pembeni kwenye mchanga tunasikiliza, maana redio zetu hazina betri kila siku. Siku hiyo walikuwa wanapiga kura kuhamisha gulio. Mtendaji akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Nzi akamtua Mjumbe puani, Mjumbe akainua mkono kumfukuza, mtendaji akauhesabu. Jambo likapita kwa mkono mmoja huo.

"Ule haukuwa mkono wangu!" Mjumbe akasimama. "Ule ulikuwa wa nzi!"

"Mkono ni mkono, mzee."

"Basi kamwandike nzi mahudhurio!"

Tulicheka mpaka mwenzangu mmoja akadondosha mtoto mgongoni, kwa bahati mtoto alikuwa mnene. Lakini gulio likahama kweli, na mpaka leo liko kule kwenye jalala, tunanunua dagaa huku tumeziba pua. Tangu siku ile Mjumbe akawa anakalia mikono. Nzi wakamzoea. Walikuwa wanamtembea usoni, wanaingia kwenye nyusi, wanakunywa machozi, na yeye ametulia anasikiliza hoja.

Jina lake analo, na watu wake wanalitumia. Mimi namwita Mjumbe, kwa sababu alikuwa mjumbe kuliko alivyokuwa kitu kingine chochote. Uchaguzi uliomwingiza, kura zetu zilipasuka katikati kama nazi. Nusu ya halmashauri ikawa ya chama kinachotawala, nusu ikawa ya upinzani. Mwenyekiti akatoka upande ule, Mjumbe akawa ndiye kichwa cha upande huu. Hakuna jambo lililopita mpaka hawa wawili waelewane, na kuelewana hawakuelewana.

Neno "hapana" sikulisikia kinywani mwake. Alikuwa anasema "Bado." Mwenyekiti anasoma jambo, anafafanua, anafuta jasho, anauliza, "Tumeelewana?" Na kutoka kwenye lile tofali inatoka sauti ya polepole, "Bado." Wiki inayofuata jambo linarudi limevalishwa nguo nyingine. "Bado." Mtendaji alikuwa anauma kalamu mpaka wino unamtoka mdomoni.

Sasa usidhani alikuwa mtu mgumu. Nyumbani kwake hakuweza kukataa kitu. Mbuzi walikuwa wanalala barazani kwa sababu hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Ukienda kumwazima jembe, anakupa na mpini wa akiba. Msimu wa mabibo vijana walimwomba kiwanja cha nyuma ya nyumba yake wakamulie uraka, ile pombe ya mabibo, akakubali, na wakalewa hapohapo wakamvunjia choo. Mkewe alikuwa anamwambia mbele za watu, "Wewe mwanaume, hiyo 'bado' yako unaiacha ofisini kwa nini? Ilete na nyumbani!" Anacheka tu, meno yake mawili ya mbele yana nafasi katikati.

Na kuna jingine linalochekesha zaidi. Mwenyekiti alikuwa amemwoa dada yake Mjumbe. Mashemeji! Na huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Kwa hiyo Mwenyekiti asubuhi anabishana na Mjumbe ofisini, jioni anavaa kanzu safi anakwenda kwa Mjumbe huyohuyo kuomba ruhusa ya kumwoza binti aliyemzaa mwenyewe.

"Kijiji kizima mimi ni serikali," alikuwa analalamika, "nikiingia nyumbani kwangu, upinzani ndio unatawala."

Na huko Mjumbe alikubali haraka mno. Walipomletea habari za mchumba wa yule binti mkubwa, alimtazama kijana kidogo akauliza, "Anajua kucheka?" Wakamwambia anajua. "Basi aolewe." Mwenyekiti akashika kichwa. "Shemeji, choo cha shule nimekuomba miaka yote unaniambia bado, mwanangu unamtoa kabla chai haijapoa?"

"Choo kikijengwa vibaya tutakaa nacho, shemeji. Mume akiwa mbaya, binti anarudi kwa mjomba."

Kwenye mazishi walikuwa wanachimba kaburi pamoja, mmoja ndani mmoja juu, wanapokezana jembe bila hata kutazamana. Ukiwaona pale ungesema wamezaliwa tumbo moja.

Alikuja mtu mwenye viatu vinavyong'aa. Alitaka kilima chetu chote cha mikorosho ya zamani, ile iliyopandwa na mama zetu, afanye shamba kubwa la kisasa. Upande wa Mwenyekiti ukakubali. Upande wa Mjumbe ukakalia mikono. Mkutano ukaahirishwa, ukaja mwingine, ukaahirishwa. Yule bwana alikuwa anakuja na gari, anakaa kwenye kiti cha plastiki, vumbi letu jekundu linapanda kwenye viatu, anasikia "Bado", anapanda gari. Mwisho akachoka akaenda kijiji kingine. Huko wana halmashauri inayoelewana vizuri sana, wakamkubalia siku hiyohiyo. Leo ukipita unawaona watu wazima wanaokota korosho kama vibarua chini ya miti waliyopanda wenyewe.

Mikorosho yangu ikabaki. Na mikorosho hiyo ndiyo iliyomsomesha mjukuu wangu Zainabu, mtoto wa binti yangu Asumini. Zainabu ni muuguzi. Nasema tena kwa sauti, muuguzi, yuko Masasi mjini, amepanga chumba Mkomaindo, ana soksi nyeupe na saa imening'inia kifuani. Mimi niliyeishia darasa la nne nimetoa muuguzi kwa miti ile. Kila nikimwona na ile saa nakumbuka "Bado" ya Mjumbe, nasema Mungu amlaze pazuri siku yake ikifika.

Halafu nakumbuka moto.

Huku juu hatuna mto wala chemchemi. Maji yako bondeni, unashuka asubuhi na ndoo tupu, unapanda jua likiwa utosini. Ndiyo maana tulichimba kisima cha saruji kando ya ghala la korosho, kinakinga mvua inayotiririka kwenye bati za ghala. Mwanzoni kilikuwa na kufuli moja. Kiangazi cha kwanza maji yakaisha mapema, tukashangaa, kumbe yule mshika ufunguo wa wakati huo aliyatumia kufyatulia matofali ya nyumba yake. Mjumbe alipoingia halmashauri akadai makufuli mawili kwenye ule mfuniko wa chuma, ufunguo mmoja kwa Mwenyekiti, mmoja kwake. Hafungui huyu bila yule. Na kweli, kutoka hapo maji yakawa yanatufikisha mpaka mvua mpya. Tulimsifu, mimi wa kwanza.

Siku moja mchana Mjumbe alikwenda Masasi, ufunguo uko mfukoni. Nyumba ya mjane mmoja, jirani yetu, ya nyasi, ikashika moto. Tulikimbilia kisimani na ndoo, watu wengi sana, na maji yapo, unayasikia ukigonga mfuniko. Mwenyekiti akafungua kufuli lake. La pili likabaki. Akashika shoka mwenyewe akawa analipiga kufuli la shemeji yake huku analia kama mtoto, "Fungua! Fungua!" Kufuli lilikuwa zuri. Lilipokatika, paa lilikuwa limeshalala chini.

Mjumbe alishuka kwenye basi jioni akakuta majivu. Hakuna aliyemsemesha. Kesho yake alfajiri tulimwona anatoka porini na nguzo begani. Alikata nguzo, akafunga fito, na Mwenyekiti akakanyaga udongo, mpaka nyumba ikasimama, nzuri kuliko ya kwanza. Yule mama akamwambia, "Mjumbe, nashukuru kwa nyumba. Ila kitanda changu cha harusi hujanirudishia." Akainamisha kichwa.

Nyumba ilipokwisha akaenda dukani akanunua kufuli jipya, akalifunga palepale kisimani.

"Huna haya?" wakamwuliza.

"Haya ninayo. Lakini likibaki moja, kiangazi mtakunywa hadithi."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Kiangazi kilipofika tulikunywa maji.

Kuna chumba kwenye zahanati yetu, cha kina mama kujifungulia. Tulikijenga sisi, wanawake tulibeba mchanga na kokoto kichwani. Kimepakwa chokaa, kina kitanda ambacho mpaka leo hakijatolewa nailoni. Hakijafunguliwa, kwa sababu chumba cha uzazi hakifunguliwi bila maji ya uhakika. Mwanamke uchungu ukimshika anapakiwa kwenye bodaboda, mbele dereva, nyuma mama yake anamshika kiuno, anakwenda kuzalia mbali au anazalia njiani. Zainabu wangu alishaomba kuhamia hapa nyumbani. Jibu lilikuwa fupi: chumba kikifunguliwa, nafasi ya muuguzi ipo.

Wataalamu wa maji walikuja na mabomba kwenye lori, wachimbe kisima kirefu, waweke mashine. Mwenyekiti akasema ndiyo. Mjumbe akauliza, "Mashine atashika nani?" Wakamwambia hayo yatapangwa baadaye. "Basi bado." Akakaa juu ya mikono. Wakabishana nani atashika mashine, wajumbe wangapi upande huu, wangapi upande ule, mpaka lori likageuka. Niliyaona mabomba yale yanaondoka, yana rangi ya bluu, yanang'aa kwenye jua.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo, kanga imenifunguka kwa hasira.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, Mama Asumini. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kukutukana."

"Basi kaa. Kutukana umesimama kunachosha."

Nikakaa. "Mjukuu wangu arudi hapa, azalishe watu kwa mate?"

Alimsukuma mbuzi aliyekuwa anatafuna pindo la kanga yangu, halafu akaniuliza, "Mikorosho yako iko wapi?"

"Iko palepale."

"Nani aliizuia isiende?"

"Wewe."

"Kwa neno gani?"

Nililijua neno.

"Ni hilohilo, Mama Asumini. Sina lingine."

Nilikuwa nimebeba matusi ya kutosha mpaka magharibi, yakaniishia mdomoni. Mkewe akaniletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, nikala, nikaondoka.

Zainabu akija likizo tunabishana. Anasema, "Bibi, nchi ambayo wakubwa wanakatazana haiendi mbele."

"Na inayokwenda mbele," nikamwuliza, "inakwenda wapi?"

"Bibi na wewe!"

Lakini usiku sikuwa na uhakika kama nilimshinda. Wanawake wanazalia njiani, na mimi najivunia jibu. Siku moja nikiwa na Mjumbe mwenyewe tulisikia redioni kwamba kuna nchi za mbali, bunge na rais wanakatazana mpaka ofisi za serikali zinafungwa. Akatikisa kichwa. "Na wao wana shemeji," akasema. Hakusema kama ni vizuri au vibaya.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga akiwa anapalilia. Alianguka upande wa kulia. Walimpeleka hospitali, akarudi, anaongea taratibu, lakini mkono wa kulia ukabaki kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Akatoka kwenye halmashauri. Wenzake wa upande wake, mmoja akahamia upande wa pili, wengine wakachoka tu, na uchaguzi ulipofika halmashauri yote ikawa ya chama kimoja. Kufuli la pili likatolewa kisimani, na kiangazi hiki maji yameisha mapema. Ukiuliza yamekwenda wapi, wanakwambia mvua ilikuwa kidogo.

Nilimkuta Mwenyekiti anatoka kumtazama shemeji yake, mkononi ana bakuli tupu la uji. Nikamwambia, "Sasa mambo yako yanapita, umepumzika."

Alikaa kwenye kizingiti. Mimi nilikuwa nimezoea kumwona amesimama.

"Mama Asumini, mtu asikudanganye. Wakubwa wa juu walikuwa wakiniletea jambo baya, nawaambia, mimi nataka sana, ila shemeji yangu hataki, mnamjua alivyo. Wananionea huruma, wanaondoka. Sasa wananiuliza, nani anakuzuia?" Akaligeuza lile bakuli. "Sina pa kujificha."

Jambo baya lenyewe ni hili. Yule mwenye viatu vinavyong'aa amerudi. Safari hii hakuja mikono mitupu. Atachimba kisima kirefu, ataweka mashine, atafikisha bomba mpaka zahanati. Sisi tumpe kilima cha mikorosho. Atatupa miche tupande kwingine. Miche! Mimi na magoti haya, nisubiri mche uzae. Na maji na kilima vimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, kura moja, mkutano mkuu wa kijiji, kila mtu mzima anyooshe mkono wake. Watu waliuliza kama tunaweza kukubali maji kwanza. Mtendaji akasema havitenganishwi.

Nilimpigia Zainabu. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Bibi, nataka kurudi nyumbani. Lakini usinyooshe kwa ajili yangu." Ningefurahi angeniamuru.

Siku moja kabla ya mkutano nikaenda kwa Mjumbe. Alikuwa barazani kwenye kitanda cha kamba, mbuzi wawili wamelala miguuni pake, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Nzi walikuwepo. Mkewe alikuwa anawafukuza na tawi la muarobaini.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba." Lilitoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Umekuja kunitukana?"

"Leo nimekuja kuuliza."

Nikamweleza yote, kilima, bomba, kura moja. Alisikiliza amefumba macho. Nikamwambia, "Ungekuwepo, ungesemaje?"

"Unalijua neno."

"Na maji?"

Akageuza uso ukutani.

"Zainabu je? Na wale wanaozalia kwenye bodaboda? Nambie, Mjumbe. Ninyooshe au nisinyooshe?"

Akafumbua macho. Yalikuwa yana maji, lakini kiharusi nacho kinatoa machozi, siwezi kusema.

"Mama Asumini, mimi nilijua kuzuia. Kuchagua sikukuweza. Nilizuia, nikasubiri labda kuna mtu atakuja na jambo zuri zaidi." Akapumzika. "Hakuja."

Mkewe akampa kikombe cha maji, maji ya bondeni, ameyabeba mwenyewe na umri ule. Mjumbe akautazama mkono wa kulia, akajaribu. Bega lilitikisika, vidole havikusikia. Akacheka kidogo, ile nafasi ya meno ikaonekana.

"Umeona? Sasa hata nikitaka, haunyooki."

Akanywea wa kushoto, nusu ikamwagika kifuani.

Mkutano ulikuwa jana, uwanja wa shule, watu wengi kama siku ya Idi. Yule bwana alikaa kwenye kiti cha plastiki, viatu amevifuta. Mwenyekiti alisoma jambo bila kuinua uso, akauliza, "Tumeelewana?" Nikajikuta nageuka kutazama matofali ya pembeni. Hapakuwa na mtu.

Mtendaji akasema wanaokubali wanyooshe mikono.

Mbele yangu alikuwa binti mjamzito, mimba imeshuka, akanyoosha wa kwanza. Wakafuata wengine, mikono ikapanda uwanja mzima. Yule mjane wa nyumba iliyoungua naye alinyoosha, na mikorosho yake imepakana na yangu. Nililiona lile bomba la bluu, nikaiona ile saa kifuani pa Zainabu anaingia kwenye chumba chenye chokaa. Nikauona na mti wa mama yangu, ule ulioinama, ninaoukwea bila ngazi. Jambo lilikuwa limeshapita. Mkono wangu usingeongeza kitu wala kupunguza kitu.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya mapaja. Sikumbuki niliiweka saa ngapi. Mchanga ulikuwa wa moto.

Nzi akanitua shavuni, akatembea mpaka kwenye jicho, nikamwacha anywe.